Safari ya Kaka Sefu na Kidonge Chake

Tuliondoka Mwera kwa sababu kaka yangu Sefu, muadhini wa msikiti wetu, alisalisha siku imamu hayupo, akasinzia kwenye sijida, na safu nzima ikabaki imeinama ikimsubiri. Sauti ilikuwa imemkwama mwaka mzima, uso umemvimba, na Januari, sisi tukijipepea, yeye alivaa sweta. Alikwishapimwa damu, akaambiwa tezi ya shingoni imelegea, ameze kidonge kimoja kila siku. Dozi iliongezwa mara mbili. Hakuna kilichobadilika, isipokuwa aliongeza sweta la pili.

Saa moja asubuhi tulivuka mto kwa pantoni, tukapanda basi upande wa Pangani. Humo nilimwambia yale ambayo nyumba nzima tuliyasema pembeni: kwamba vidonge anavitupa. Hakukasirika.

"Nameza, Mwanaisha. Sina sababu ya kukudanganya."

Kisha akalala mpaka Tanga.

Chumbageni tulipokewa na Bi Zaina, binti wa mama yetu mkubwa. Alimtazama kaka, akanivuta jikoni, akaniuliza kwa upole kama ameshaandika wosia. Nikamwambia bado.

Kesho yake saa tatu tuliingia kwa daktari, mwanamke wa umri wa mwanangu. Alimwamkia kaka shikamoo, akasoma majibu mapya ya damu tuliyokuja nayo, mabaya kuliko ya awali. Nilitarajia amgombeze. Badala yake alimwomba amsimulie asubuhi yake, tangu kuamka. Kaka akasimulia: kuadhini, kusali, halafu kikombe kikubwa cha chai ya maziwa, na hapohapo kidonge cha tezi pamoja na vidonge vingine, vya kuongeza damu.

"Chai anakupikia nani, baba?"

Kaka akanionyesha kwa kidevu.

Daktari alieleza kwamba maziwa, chai na vidonge vya damu huizuia dawa ya tezi isiingie mwilini. Aimeze kwa maji matupu mara tu aamkapo, akae saa nzima ndipo anywe chai. Vidonge vya damu vingoje mchana. Dozi akaipunguza, maana sasa ingeingia kweli. Arudi baada ya wiki sita.

Kwenye basi la kurudi nilimwomba radhi kwa yale niliyomwambia wakati wa kwenda.

"Chai ilikuwa nzuri," akasema.

Wiki ya sita damu ilipimwa, majibu yakatulia. Sauti haikurudi yote, lakini iliyorudi inawaamsha watu, na wapo wanaolalamika.

Nilichojifunza ni hiki: mwaka mzima tulimuuliza kama anameza dawa, wala hakuna aliyemuuliza anaimeza na nini. Na kila alipozidi kudhoofu, mimi nilimwonea huruma, nikazidisha maziwa.