Niangalizie Mlango

Mwaka wangu wa tano Riyadh niliumaliza nimekaa kwenye meza ya mapokezi ya jengo la ofisi, upande wa Al-Malqa, nikitazama watu wakigusisha kadi mlangoni. Shule niliachia darasa la nane kule Pwani, kwa hiyo naandika kama nilivyoona. Penye kasoro, kasoro ni yangu.

Milango ile yote ilikuwa imeungwa na kompyuta. Ukigusisha kadi, jina lako na saa yako vinaandikwa, na bosi akiwa nyumbani kwake anakuona kwenye simu. Mwanzoni nilidhani kazi yangu imekwisha. Mlango unajifungua, kamera inatazama, mimi wa nini? Nilichoka kwa kukaa. Magunia nimebeba bandarini, najua uchovu wake, ukilala unaondoka. Ule wa kukaa unaamka nao.

Kadi yangu ilifungua kila mlango. Ya dada wa chai ilifungua jiko lake tu. Alikuwa Mkenya mwenzangu, mtu wa bara, Mkristo, anakaa Manfuha na wenzake sita chumba kimoja. Ofisini wote walimwita sista. Yeye mimi aliniita soja.

"Soja, unalinda nini na mlango unajifunga wenyewe?"

"Nakulinda wewe usiibe sukari."

"Sukari gani? Hawa watu wanakunywa kahawa chungu kama dawa ya minyoo."

Adhuhuri ilikuwa lazima mtu anipokee ndipo niende kuswali. Aliyepangwa ni mlinzi mwenzangu wa geti la nyuma. Nisimsingizie: alikuwa na geti lake, na lori likiingia hawezi kuliacha katikati. Mara nyingi alichelewa. Basi nikafanya tunavyofanya kwetu sokoni. Mtu akienda msikitini hafungi kibanda. Humwambia jirani, "Niangalizie," akaenda zake, na anaporudi hakuna kilichosogea. Wala hakuna jirani anayekataa. Kukataa ni kama kumtukana.

"Dada, niangalizie."

"Na kadi uniachie. Mtu akisahau yake nitamfungulia na nini, na meno?"

Siku ya kwanza niliswali nikarudi mbio. Ilipopita miezi, sikukimbia tena.

Siku yenyewe alikuja mtu mwenye ngazi begani na nguo za mafundi wa viyoyozi. Akamwambia dada kwamba maji yanadondoka chumba cha mashine za kompyuta, ghorofa ya tatu, yalla, haraka, afunguliwe kabla hayajaharibu. Dada alikuwa amelalamika asubuhi ile ile kwamba kiyoyozi cha jikoni kinavuja. Akaona hatimaye wamesikia. Akapanda naye, akamfungulia kwa kadi yangu, akarudi mezani. Yule mtu alikaa muda mfupi, akatoka, akamshukuru. Niliporudi dada akanipa kadi, akaenda kuosha vikombe. Hakunitajia fundi, na mimi sikumwuliza.

Alasiri fundi wetu wa kompyuta, Mzanzibari aliyekuja kwa mkataba, aliniita juu. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Hebu njoo utizame, ndugu yangu." Alinionyesha kidude cha kuibia siri kimechomekwa nyuma ya mashine, hakizidi kidole gumba. "Mie nimeweka maneno ya siri marefu hata mwenyewe nayasahau. Lakini mtu akishafika hapa kwa miguu yake, neno la siri la nini tena?"

Walizima kila kitu, hata mitambo ya kadi za matawi mengine, ili wasafishe. Nani alimtuma yule mtu, sikujua, na mpaka leo sijui.

Kesho yake bosi alimwita dada. Kamera ya ghorofa ya tatu ilimwonyesha anafungua mlango, na kitabu cha mashine kilionyesha jina langu, wakati wa swala. Ikama yake, kibali cha kukaa, ilikuwa imebakiza wiki chache. Kampuni ya usafi iliyomleta isingeihuisha kwa mtu mwenye doa. Angepandishwa ndege, na nyumbani kulikuwa na binti yake kidato cha tatu, anayesoma kwa vikombe vile.

Nilimngoja nje ya lifti.

"Umewaambia nini?"

"Nimesema nilikuta kadi mezani, nikaichukua."

"Mbona ukasema hivyo?"

"Sasa nisemeje? Wewe una watoto wanne, mimi nina mmoja. Wacha maneno, soja, rudi kwa kiti yako."

Nikarudi kwenye kiti. Hilo ndilo linalonisumbua kuandika. Nilikaa siku nzima. Nilijiambia nitasema baada ya adhuhuri, kisha baada ya alasiri, kisha nikamwona bosi anaondoka na nikamfungulia mlango, nikamwambia maa salama. Dada alipita na ndoo yake, hakunitazama.

Asubuhi iliyofuata nilimfuata fundi Mzanzibari anisaidie Kiarabu, tukaingia kwa bosi. Nikasema kadi nilimpa mimi, kwa mkono wangu, na sio siku moja.

Bosi akaniuliza, "Jana ulikuwa wapi?"

Nilikuwa hapo hapo chini.

Hakupiga kelele. Alisema wateja wao wanaweka siri zao mle kwa kuwa wameambiwa mlango una mtu. Mashine, alisema, kila kampuni inanunua. Wanachomlipia yeye ni kujua nani anaingia. Halafu akasema halas, yameisha, dada arudi jikoni, karatasi zake zisiguswe, na mimi nihamishiwe ghala lao la Jeddah. Angeweza kunirudisha kwetu. Lazima niandike hilo, kwa sababu wengine wangefanya.

Tukishuka ngazi, Mzanzibari akaniambia taratibu, "Kamera ya mezani pako waliiona tangu jana. Ilikuonyesha ukimpa. Bosi alikuwa akingoja tu."

Kwa hiyo sijui. Labda nilimwokoa dada, labda iliyokwisha kumwokoa ni kamera. Nikitaka kujisifu, maneno hayo yanarudi.

Jeddah nalala Al-Baghdadiyah, nyuma ya maduka, na ghala nafika kwa basi la kampuni. Wiki ya kwanza mpakizi mmoja mzee alinisimulia, bila kujua mimi ni nani, kwamba kuna siku kadi zao zote ziligoma kwa sababu ya jambo lililotokea Riyadh. Geti halikufunguka. Walikaa juani kutwa, madereva ndani ya malori, mizigo ya baridi ikiyeyuka. Mmoja alizimia akabebwa. "Eti mlinzi aliacha mlango," alisema, akatema mate pembeni. Nilimpa chupa yangu ya maji. Sikumwambia.

Nilimwambia juzi. Imenichukua miezi mitatu. Alinitazama, akasema, "Wewe?" Kisha akaendelea kufunga mizigo.

Leo adhuhuri amenijia na bandeji anayofunga mkono akipakia na rundo la karatasi za mizigo, na kadi yake juu. Akaviweka mezani pangu.

"Niangalizie hivi, nawahi swala ya jamaa."

Karatasi nilizipokea. Kadi nilimrudishia, na mkono wangu ulikuwa mzito kama nampiga.

"Hii nenda nayo, mzee wangu."

Alisonya. Akaniita mtu wa roho mbaya, akaivaa shingoni, akaenda kuswali. Mimi niliswali baada yao, peke yangu, mlinzi mwenzangu alipofika kunipokea na kukaa mlangoni.