Kichaka cha Ufagio cha Ardelia Mungin

Watu wa kijiji cha Sardis walisema uwanja wa Ardelia Mungin ulikuwa safi hata kuku wake walitembea kwa ncha za vidole. Nyoka mmoja aliwahi kukatiza pale, akageuka, akaona mchirizi aliouacha mchangani, akaingiwa na haya, akarudi kinyumenyume akiufuta kwa mkia. Ardelia alilishuhudia hilo kwa macho yake, na hakuna aliyembishia, maana kila alipolisimulia alikuwa ameshika ufagio.

Kule kusini mwa jimbo la Georgia, Marekani, kwenye misonobari na vinamasi, nyumba ya mtu anayejiheshimu haikuwa na nyasi mbele yake. Ilikuwa na mchanga mtupu, uliofagiwa kila Jumamosi kwa mistari iliyolala pamoja kama nywele zilizosukwa. Nyasi zilificha nyoka, na zilitangaza kwamba mwenye nyumba ni mgonjwa au mvivu. Na ufagio wa kazi hiyo haukuwa wa dukani. Ulikuwa wa matawi ya galiberi, kile kichaka kinachobaki kijani mwaka mzima, chenye vitunda vyeusi vichungu, kinachoota chini ya misonobari penye majimaji. Mtu aliyakata matawi wakati wa baridi, akayakausha, akayapukusa majani, akayafunga kwa utepe wa nguo kuukuu. Ufagio mmoja ulimaliza mwaka, kama mwenye kuushika hana hasira.

Ardelia alikuwa na miaka sitini na minne, mjane wa mgema utomvu wa misonobari. Alikuwa akikata galiberi katika msitu uleule tangu akiwa msichana. Mwaka ambao lami ilifika Sardis, msitu huo ukanunuliwa, ukazungushiwa waya wenye miiba, na vibao vikapigiliwa vya kuzuia watu. Ardelia akabaki na fagio mbili, zote zimelika hadi kufanana na mswaki.

Mwanawe Hosea, aliyefanya kazi katika karakana ya reli huko Jacksonville, aliona hiyo ndiyo nafasi yake.

"Mama, acha nikuletee nyasi," alisema siku ya Krismasi, sahani ya sukuma na nyama ya nguruwe magotini. "Siku hizi zinauzwa zimekunjwa kama mkeka. Nakunjua, namwagilia, basi. Hutainama tena."

"Na nikiacha kuinama, huu mgongo nitaufanyia nini?"

"Ufagio wenyewe utautoa wapi?"

"Nitapanda galiberi hapahapa uwanjani."

Hosea akacheka hadi akapaliwa. "Mama! Kichaka cha porini? Hakuna mtu aliyewahi kukipanda."

"Hakuna mtu aliyewahi kukuzaa wewe pia, mpaka nilipojaribu."

Wakapatana. Hosea angempa mama yake mwaka mmoja na miezi mitatu, mpaka Pasaka ya pili kutoka hapo. Kichaka kikiwa hai siku hiyo, neno nyasi halitatamkwa tena. Kikiwa kimekufa, Hosea atakunjua mikeka yake kuanzia barazani hadi barabarani, na mama atakaa kimya. Hilo la kukaa kimya ndilo lililomuuma Ardelia kuliko nyasi zenyewe.

Alichimba kichaka cha kwanza Januari, kando ya mtaro wa barabara ambako waya haukufika. Akakipanda kama alivyopanda sukuma, shimo zuri na majivu ya jikoni ndoo nzima. Sukuma zake kwa majivu hayo zilikuwa na majani ya kufunika ng'ombe asilowe mvua. Kichaka cha galiberi hakikuyataka. Majani yaligeuka manjano Februari, na Machi kikawa kuni.

Cha pili alikipanda bila majivu. Kilishika. Kikatoa majani mapya, madogo, yanayong'aa kama yamepakwa mafuta, na Ardelia akawapitisha majirani wote wakione. Akakitunza kama alivyotunza kila kitu chake: kila Jumamosi alifagia chini yake mpaka mchanga ukalia. Hakuacha hata jani moja limelala pale. Kufika Julai mizizi myembamba ilikuwa nje, imeota juu ya ardhi kama ndevu za kambare, na jua la Georgia likaimaliza kwa wiki mbili.

Mzee Elzie, mfuga nyuki, alipita na nyumbu wake akamkuta ameinamia maiti ya kichaka.

"Bi Ardelia, umemfanya nini huyu mtu?"

"Nimemtunza! Nimemfagilia kila wiki!"

Mzee Elzie akavua kofia. Mizinga yake ilikaa kwenye galiberi kila Mei, na asali yake haikuganda hata ukiiweka mwaka. Alivijua vichaka hivyo kuliko alivyowajua wakwe zake. "Kule porini," akauliza, "nani humfagilia?"

Ardelia akaokota jani moja lililodondoka, akalitia mfukoni.

"Porini anajifunika majani ya misonobari hadi kifundoni," Mzee Elzie akaendelea. "Miguu yake iko kwenye ubichi na giza. Mizizi yake hukaa juujuu. Wewe umemvua nguo, ukamsimamisha juani, halafu unashangaa amekufa kwa aibu."

"Sasa unataka niweke takataka katikati ya uwanja wangu?"

"Mimi sitaki kitu. Anayetaka ni yeye."

Maneno hayo yalimkaa Ardelia kichwani hadi Novemba. Baridi ilipoanza, akachimba cha tatu na udongo wake mweusi wa porini, akakipanda mahali maji ya paa yalipodondokea. Kisha akasimama na kapu la majani makavu ya misonobari muda mrefu, kama mtu aliyeambiwa aingie kanisani bila viatu. Akafumba macho, akamwaga. Akachora duara kuzunguka kichaka kwa mpini wa ufagio: nje anafagia, ndani haingii. Wageni walipokuja alisimama mbele ya duara hilo na sketi ameitandaza.

Kichaka kikapita baridi kikiwa kijani.

Wiki ya mwisho kabla ya Pasaka, homa ikamlaza. Sardis hawakumwacha mgonjwa na uwanja mchafu. Ijumaa Kuu, kina mama wanne wa kanisa, wakiongozwa na Bi Tempie wa nyumba ya pili, walikuja na fagio zao kuukuu. Mmoja alipika uji wa mahindi, na watatu wakafagia. Bi Tempie alipofika kwenye kichaka alisikitika kwa moyo wake wote.

"Maskini Dada Ardelia," akasema. "Kumbe ameumwa muda mrefu hivi!"

Akafagia majani yote, akafika hadi kwenye shina. Wakayachoma moto pamoja na taka nyingine.

Jumamosi asubuhi Ardelia aliamka hana homa. Akatoka barazani, akaona kichaka kimesimama uchi na mizizi inachungulia. Sauti aliyotoa iliwatoa mbwa wa Sardis wote chini ya vitanda, na yasemekana gari moshi la saa tatu lilisimama likidhani ni ishara.

Bi Tempie akaja mbio na aproni mkononi. "Nini, dada? Nani amekufa?"

"Nani amefagia hapa?"

"Mimi! Usinishukuru."

"Sikushukuru! Tempie, umemuua! Hosea anakuja leo na nyasi zake!"

Bi Tempie akaangalia kichaka, akamwangalia Ardelia, akaweka mikono kiunoni. "Sasa mimi ningejuaje? Miaka arobaini unanisema jani moja likianguka mbele ya mlango wangu. Leo unalala na kapu zima la majani uwanjani na unaliita shamba!"

Ilikuwa kweli, na Ardelia alijua. Akakaa kwenye ngazi. "Kinataka kufunikwa majani," akasema polepole. "Ndivyo kinavyoishi. Niliona haya kuwaambia."

Bi Tempie akapumua. Kisha akageukia barabara, akapaza sauti: "Akina mama! Leteni takataka zenu!"

Jumamosi kila nyumba ilikuwa na lundo la majani yaliyofagiwa asubuhi. Wakaja na makapu, beseni, na mmoja na kigari cha mtoto. Ardelia alimwaga maji kwanza, debe baada ya debe, kisha wao wakamwaga majani.

Ndipo pikapu ya Hosea ikaingia, nyuma imejaa mikeka ya nyasi. Akashuka, akaona kina mama wa kanisa, wale wale waliomchapa utotoni kwa kudondosha ganda la karanga, wakimwaga taka katika uwanja wa mama yake.

"Mama, mnafanya nini?"

"Tunachafua," alisema Bi Tempie. "Leta mkono."

Hosea akachuchumaa penye kichaka. Majani ya juu yalikuwa yamelegea. "Hiki kimekufa, Mama. Mapatano ni mapatano."

"Kwaruza."

Akakwaruza gome kwa ukucha. Chini yake palikuwa kijani kibichi. Akahamia tawi la pili, nalo kijani. Mama yake akasogeza majani kidogo kwa kidole, hatua moja kutoka kwenye shina. Hapo chini machipukizi matatu yalikuwa yametoka kwenye mzizi, mekundu kwenye ncha, marefu kama njiti ya kiberiti.

"Ulitaka kuona kichaka kimoja hai," akasema Ardelia. "Hesabu mwenyewe."

Hosea akakaa chini kwenye mchanga na suruali yake ya Jacksonville. Akacheka, safari hii bila kupaliwa. "Na nyasi zangu?"

"Usizisogeze kwangu," akasema Bi Tempie. "Mimi sifugi nyoka."

Nyumba ya tatu nao wakafunga mlango. Mwishowe nyasi zilishushwa kwa Mzee Elzie, ambaye hakuwa na neno. Nyumbu wake alizila mkeka mmoja mmoja kwa siku nne, akaishia na tumbo la kijani hata kwa nje, kwa mujibu wa Ardelia.

Kichaka kilipukutisha majani ya juu Aprili, kisha kikajaa upya kutoka chini. Ardelia hakukigusa miaka miwili. Januari ya tatu alikata matawi kumi na mawili, akaacha mengi zaidi ya aliyoyachukua, akafunga fagio mbili. Mmoja alianza nao kazi Jumamosi hiyohiyo. Wa pili alimtumia Hosea, ambaye mbele ya nyumba yake Jacksonville hapakuwa na kitu ila nyasi. Mkewe aliutundika sebuleni, ukutani, na Ardelia alipokwenda kuwatembelea aliushusha, akauliza mchanga uko wapi.