Mluzi Katikati ya Daraja

Radojka hakuwahi kulipenda daraja jipya. Pana, ndiyo, imara, ndiyo, lakini halina utu. La zamani, la chuma, lilikuwa jembamba hata mkikutana wawili lazima msalimiane, mpende msipende. Hapo ndipo Života, fundi seremala, alipomposa. Na kwa miaka ishirini na sita, akitoka kazini ng'ambo ya mto Morava, alipiga mluzi akifika katikati. Radojka akiusikia tu, anateleka kahawa. Ah, siku zile! Mume akivua viatu mlangoni, kahawa nayo inachemka.

Mwaka tisini na tisa, ndege za Marekani na wenzake zikaanza kuipiga Serbia mabomu, kwa madai ya kuwaokoa watu wa Kosovo. Jioni watu wa mji walisimama darajani wakiimba, wamebandika vifuani karatasi zenye duara la shabaha. Waliamini hakuna rubani atakayepiga daraja lenye watu. Wajinga ndio waliwao, na mji mzima ulikuwa mjinga hivyo.

Naye Dobrivoje, mdogo wake Života aliyehamia Chicago, akaandika barua: "Msihofu. Huku wanatuambia shabaha ni wanajeshi tu. Hawa jamaa wanalenga vizuri."

Wiki tatu baadaye, mchana kweupe, Radojka alisikia mluzi, akateleka kahawa. Ikafurika, ikamwagikia jiko. Života hakufika; mabomu yaliangusha daraja naye akiwa juu yake.

Radojka hakumtetea mkubwa yeyote wa serikali ya Belgrade, hata siku moja. "Wetu nao walichoma nyumba za watu Kosovo, Mungu anawaona," alizoea kusema. "Lakini Života alichoma nini? Mtu anakuja kuokoa watu, mbona anaua seremala?" Kwa shemeji yake hakuandika tena.

Kila Desemba, siku ya Mtakatifu Nikola, mlinzi wa ukoo wa mumewe, mlango wake huwa wazi. Siku hiyo mgeni haalikwi wala hafukuzwi. Mwaka wa kumi na saba tangu kifo cha Života akaingia Dobrivoje mwenyewe, mvi tele, theluji mabegani.

"Hee, Mmarekani!" jirani Svetozar akadakia. "Umekuja na ndege ipi, ya abiria au ile nyingine?"

Hakuna aliyecheka.

"Shikamoo, shemeji," Dobrivoje akasema.

Radojka hakuitikia. Mezani maharage na samaki vilikuwa tayari, na mkate wa ukoo, ambao lazima ugeuzwe na watu wawili kabla ya kumegwa. Tangu msiba aliugeuza na Svetozar. Wageni wote walijua: akimruka shemeji yake leo, amemtoa katika ukoo mbele ya mishumaa.

Akachomoa barua nyuma ya picha ya mtakatifu. "Soma kwanza. Kwa sauti."

Dobrivoje alisoma mpaka "wanalenga vizuri." Hapo akalia kama mtoto.

"Niliwaamini, shemeji. Haki ya Mungu niliwaamini."

Radojka akakumbuka karatasi ya shabaha aliyoibandika kifuani pake kwa mkono wake mwenyewe.

"Hata sisi tuliwaamini," alisema. "Tulisimama pale tukiimba."

Akaunyanyua mkate, akamsogezea.

"Marahaba, shemeji. Shika hapo, upande wa Života."

Walipokwisha kuumega, Radojka alikwenda jikoni kuteleka kahawa.