Hatua Kumi na Nane za Heshima

Naomba nikusimulie mwenyewe kabla hujaonyeshwa video, kwa sababu hapa Litein imeshazunguka kila simu, na kuna akina mama wachumaji chai ambao wakiniona sokoni hunigeuzia kisogo, wananijia kinyumenyume, halafu wanacheka mpaka wanashikana mabega, na mimi nacheka nao kwa sababu nitafanya nini.

Jina langu ni Njoroge, mzaliwa wa Londiani, fundi wa vyuma, na kazi yangu ni kutunza viti vya waya kwenye shamba moja la chai nje ya mji. Mzee mwenye shamba alivinunua vikiwa mitumba kutoka nchi ya baridi, ambako vilikuwa vinapandisha watu mlimani ili waje chini wakiteleza kwenye theluji (sisi hatuna theluji, tuna mvua ya saa nane mchana, lakini mzee alisema mgeni akiona chai kutoka juu hatauliza mengi). Waya mmoja mnene unazunguka kutoka bondeni mpaka kilimani, na kila kiti kimeung'ang'ania kwa kibano na nati, kiti hadi kiti hatua kumi na mbili. Nafasi hiyo ilipimwa na watu waliosoma, na mimi, niliyeishia kuchomelea mageti, ndiye niliyeamua kuirekebisha.

Nilikuwa na Chepkemoi miaka mitatu. Baba yake alishafariki, na wajomba walikuwa wamesema koito, ile siku ya wazee wa pande mbili kukaa na kukubaliana mambo ya ndoa, itakuwepo tu mama akisema ndiyo. Mama hakuwa amesema ndiyo wala hapana. Alisema atakuja kwanza Jumamosi aone ninakofanya kazi, na mimi wiki nzima sikulala vizuri.

Kwa hivyo nikatafuta ushauri kwa Kiprotich, mwenzangu anayekaa kwa swichi, mtu wa Siongiroi, kabila moja na Chepkemoi, ambaye anajua kila kitu isipokuwa kazi yake.

"Kwetu mama mkwe hakaribiwi," akaniambia. "Usimshike mkono, usikae karibu na yeye. Acha nafasi."

"Nafasi gani?"

"Kubwa."

Mama alipofika na Chepkemoi, amevaa viatu vya kanisani na kapu mkononi, nilimsalimia kutoka upande wa pili wa kiwanja, kwa sauti ya mtu anayeuza viazi. Alikuwa ameshanyoosha mkono. Aliuangalia kidogo, akaurudisha kwa kapu, na mimi nikajipongeza kwamba mambo yameanza vizuri.

Halafu akasema anataka kupanda, kwa sababu amekuwa akiviona hivyo viti kutoka barabarani siku nyingi. Tukakubaliana yeye na Chepkemoi wakae kiti kimoja, na mimi kama fundi nitangulie kiti cha mbele niwaonyeshe njia (kana kwamba waya unaweza kupotea). Nikaangalia zile hatua kumi na mbili, nikaona si heshima kabisa, huyo mama ataniona mpaka mishono ya shati. Nikamwambia Kiprotich asimamishe mashine, nikalegeza kibano cha kiti changu, nikakisukuma mbele hatua sita, na nikakaza nati tena. Spana ndefu ya kukazia ilikuwa stoo, na ufunguo wa stoo ulikuwa kwa mzee, na mzee alikuwa kwenye harusi Bomet. Nilikuwa na spana ndogo ya mfukoni. Nikajiambia, inatosha, ni mwendo wa dakika kumi tu.

Tukapanda. Bonde lote kijani, wachumaji chini yetu na vikapu mgongoni, na mimi mbele nimenyooka kama mbunge. Tulipopita nguzo ya tatu, pale mlima unaposimama, nikasikia juu ya kichwa changu sauti kama ya mtu anayekwangua ugali sufuriani. Nikaona kiti kitupu kilichokuwa mbele yangu kinaniacha. Nikafikiri kimeongeza mwendo. Viti vya waya mmoja, ndugu yangu, haviongezi mwendo kimoja kimoja, na hilo nalijua vizuri kwa sababu ndiyo kazi yangu.

"Njoroge," sauti ya Chepkemoi ikasema nyuma yangu, karibu kuliko nilivyotarajia, "mbona unarudi?"

Lilikuwa swali zuri. Kibano changu kilikuwa kinateleza kwenye waya. Hatua kumi na nane za heshima ziliisha zote, kiti changu kikagota magoti ya mama mkwe, na yeye akanyoosha mikono kujizuia, mmoja ukanishika kola, wa pili ukanishika sikio. Kiprotich akazima mashine. Kisha, kwa kuwa ni mtu wa adabu sana, akageuka akaangalia upande mwingine.

Tulikaa hapo saa nzima, kwa sababu ngazi nayo ilikuwa stoo. Kila mama alipojaribu kuniachilia kiti kiliyumba, kwa hivyo akanishika tena. Chini yetu wachumaji waliacha kazi wote, simu zikatoka, na mmoja akauliza kwa sauti, "Huyo ni mkwe ama ni mtoto amepakatwa?" Nilitamani ile nati ilegee kabisa.

"Ni nini imefanyika?" mama akaniuliza, sikioni kwa sababu sikio alikuwa nalo.

"Ni upepo, Mama."

Hakukuwa na upepo. Hata jani moja la chai halikutikisika. Sasa, viti hivyo mgongoni ni vyuma viwili tu, na mfuko wangu wa nyuma ulikuwa unamwangalia yeye moja kwa moja.

"Na hiyo spana kwa mfuko ni ya nini?"

Nikamwambia yote. Nati, hatua sita, Kiprotich, mkono wake ambao sikuushika. Nilikuwa naongea na milima kwa sababu sikuweza kugeuka, na niliona koito yangu ikiondoka polepole na kile kiti kitupu cha mbele. Nilipomaliza, Chepkemoi alikuwa anacheka na kulia pamoja. Mzee alipofika na ufunguo, ngazi ikaletwa, mama akateremka kwanza, akajipangusa, akafungua kapu lake. Ndani kulikuwa na kibuyu cha mursik, yale maziwa ya kugandishwa yanayotiwa unga wa mkaa.

"Hayo mambo ya kukaa mbali na mkwe sisi tuliacha tangu wakati wa mama yangu," akasema. "Hii maziwa nilileta tukunywe pamoja, nikupe mkono, nikuambie ndiyo. Nilikuwa nimeamua tangu Jumatano."

Nilitaka kulia mbele ya wachumaji wote.

"Koito itakuwa," akaendelea, huku akifunga kibuyu. "Sitanyima mtoto wangu mtu kwa sababu ya nati. Lakini wewe, hiyo desturi nimekurudishia."

Na alimaanisha. Siku ya koito nilipewa kiti karibu na zizi la ng'ombe, na nilihesabu, kutoka kwake mpaka kwangu hatua kumi na nane. Kabla sijakaa, alimtuma mjomba mmoja aje akitikise aone kama kimekaza. Tangu hapo sijagusa nafasi iliyopimwa na mwingine, na nikinyooshewa mkono na mtu yeyote naushika kwanza, ushauri wa Kiprotich nitauuliza baadaye. Mursik ilianzia kwa mama, ikapita kwa wazee, kwa wajomba, kwa majirani, na ilipofika zizini kikombe kilikuwa kimebaki na mkaa wa chini tu. Nikaunywa wote, na mama kutoka kule mbali akaniuliza kwa sauti ya mtu anayeuza viazi kama ni tamu.