Mpaka wa Kibanja cha Baba

Juzi mjukuu wangu Koku, aliyekuja kwangu Kibeta kujisomea mtihani, alisoma kwa sauti kwamba kabla ya Vita ya Pili ya Dunia viongozi wa Waingereza walimwachia Mjerumani nchi za watu ili asianzishe vita. Akauliza, "Bibi, walikuwa waoga?"

Nikakumbuka harufu ya kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na majani.

Siku moja mchana, nikiwa bado msichana, jirani yetu Rwehumbiza alikuwa ameng'oa mulamula, mmea wetu wa mpaka, akaupanda ndani ya kibanja chetu, shamba letu la migomba. Kaka yangu Byabato alichukua panga. Baba akamnyang'anya, akamwita jirani ndani, akanituma kahawa. Mimi nilifikiri Rwehumbiza ameitwa aombe radhi. Walitafuna polepole, kisha baba akamwambia, "Mpaka ubaki ulipouweka. Tukae kwa amani."

Jirani alipoondoka, Byabato alimwambia baba, "Tata, kesho ataupanda jikoni kwetu."

Baba akajibu, "Katika vita ya kwanza ya Mjerumani na Mwingereza nilibeba mizigo na ndugu zangu, nikawazika njiani. Wewe sitakuzika."

Nilimwona baba mwoga. Msimu uliofuata mpaka ulisogea tena, na Byabato akaenda Uganda kwa hasira.

Nikamwambia Koku, "Si woga, mjukuu wangu. Walikuwa wamechoka kuzika."

"Na iliwasaidia?"

Byabato hakurudi, na baba alikufa akimuuliza kila mgeni kama ametokea Uganda.