Plagi Tatu za Nyuma

Shemeji yangu alikuwa fundi magari kwa miaka ishirini na sita, mpaka presha ya macho ilipomfungia mlango. Wateja walimpa jina la Masikio, na jina likamganda hata nyumbani. Gari lilikuwa likiingia gereji, yeye bado amelala chali chini ya gari jingine, tayari keshasema, "Huyo mkanda wa feni umekwisha," au, "Mwambieni atoe mguu kwenye klachi, anaiunguza." Hakuwa na haja ya kutoka kuangalia.

Jicho la kushoto lilitangulia, la kulia likafuata mwaka uliofuata. Siku alipoambiwa na daktari kuwa basi tena, alikusanya spana zake zote, akazifuta moja moja kwa kitambaa chenye dizeli, akazipanga kwenye sanduku la bati, akapiga kufuli. Ufunguo akampa dada yangu, mkewe.

"Weka unapojua mwenyewe," alimwambia. "Mimi nimestaafu."

Tangu hapo ikawa ni kiti cha plastiki barazani na redio mapajani, miaka minne mfululizo. Mtu ambaye zamani chai yake ilipoa juu ya betri za watu kwa kukosa muda wa kuinywa! Mimi ni mwalimu wa hesabu, na kila Jumamosi nilikuwa napita kumsomea gazeti. Alinisikiliza kwa adabu zote, lakini nikimuuliza nimesoma nini, ananijibu, "Mambo ya nchi, shemeji. Mambo ya nchi."

Usukani ukabaki kwa dada. Ana kigari cha viti saba, minivani ya milango ya kusukuma pembeni, na kila asubuhi anapeleka shule watoto wa mtaa wetu. Sasa, Ijumaa moja, shule zikiwa zinafunguliwa Jumatatu yake, gari likaanza kumisi. Likiwa tambarare linavumilia, lakini likishika mlima wa kwenye matangi ya maji linatetemeka kama mtu mwenye homa, na taa ya injini inamkonyeza dereva. Dada akalipeleka gereji ya barabara kuu. Fundi wa pale akafungua boneti, akamulika tochi, akashusha pumzi.

"Mama, ni plagi. Ziko sita. Tatu za mbele hizi hapa, nazitoa sasa hivi. Shughuli ni tatu za nyuma. Injini imekaa kwa upana, na zile zimegeukia ukuta wa kabini. Mkono haupiti, sembuse jicho. Lazima nifumue huku juu kote. Niachie gari wiki moja."

"Wiki moja! Na Jumatatu nina watoto?"

"Nitafanyaje, mama? Zile hazionekani."

Dada akanunua plagi sita mpya, akarudi nazo nyumbani mkobani, amekunja uso. Jumamosi asubuhi nilipofika akatusimulia mkasa huo huku anamimina chai. Alipofika kwenye neno la mwisho la fundi, Masikio akazima redio.

"Rudia. Amesema nini?"

"Amesema plagi za nyuma hazionekani."

"Hazionekani na nani?"

"Na mtu yeyote, baba watoto. Hata yeye mwenye macho yake haz..." Dada akaziba mdomo.

Shemeji akacheka. Nasema akacheka! Kicheko kilianzia tumboni, kikapanda, kikamtikisa na kiti chake mpaka chai ikamwagika kwenye sahani.

"Mama watoto, nenda kalete ufunguo."

"Wa gari?"

"Wa sanduku."

Dada aliniangalia, nikamwangalia. Kisha akakimbia ndani, nikasikia droo zinavutwa na kusukumwa, na aliporudi alikuwa na ufunguo mkononi na kandambili moja tu mguuni.

Mwenye woga nilikuwa mimi. "Shemeji, ukiumia je?"

"Nitaumia na nini? Gari limelala tangu jana, injini baridi kama mtungi. Wewe kazi yako ni moja. Nikiomba kitu, usiniambie 'hiki hapa'. Niwekee kiganjani. Haya, anza na betri. Fungua upande wa hasi. Hasi unaijua?"

"Shemeji, hasi ndiyo inayonilisha."

"Leo utaiondoa."

Basi tukaanza. Alifungua lile sanduku akapitisha vidole juu ya spana kama mtu anayewahesabu wanawe baada ya safari, na nyingine akazitaja namba kabla hazijatoka. Za mbele zilimchukua dakika ishirini. Koili iliyokaa juu ya plagi inatoka, inalazwa kando, halafu kabla ya kugusa plagi ananiagiza nipulize tundu kwa pampu ya baiskeli. "Mchanga ukidondokea ndani ya silinda," alisema, "tumeua mgonjwa tuliyekuja kumtibu." Nikapiga pampu mpaka kwapa likaloa. Dada alikuwa akipokea plagi kuukuu na kuzipanga kwenye sinia kwa mpangilio zilivyotoka.

Kisha zikaja za nyuma. Hapo nilimwona fundi.

Kwanza alitung'olesha mikono ya wipa na kifuniko cha plastiki kilicho chini ya kioo cha mbele, tukapata uwazi wa shubiri moja. Akapanda juu ya kreti la soda, akatandika blanketi kuukuu pembeni mwa injini, akalala kifua juu yake. Shavu lilikuwa limeegemea bomba la hewa na uso umeelekea uani kwa majirani, mkono wa kulia ukazama kule nyuma hadi begani. Akaanza kuongea, si na sisi.

"Wewe bomba la maji, nakujua. Wewe waya wa sensa, pole mama, nipishe kidogo. Huyu nani? Aa, bolti. Na wewe... haaa! Koili ya kwanza, mwanangu, hujambo!"

Ya kwanza ilitoka bila maneno. Ya pili, ile ya katikati, ikagoma. Masikio alivuta spana kidogo tu, akasimama papo hapo.

"Imelia. Umesikia?"

"Sijasikia kitu."

"Imelia. Kutu imeshika nyuzi zake. Nikitumia nguvu hapa inakatika, nusu inabaki ndani, na Jumatatu watoto wanatembea. Nipe mafuta ya kulegeza kutu."

Tukayamwaga kwa bomba la sindano, tukasubiri nusu saa. Dada akaleta chai ya pili. Yeye hakukaa. Alilizunguka gari huku kiganja kinateleza juu ya bati, mbele, ubavuni, nyuma, na alipofika tena kwenye boneti akageuka akaanza upya. Mashavu yalikuwa yamemng'aa. Nusu saa ilipotimia alirudi juu ya kreti.

"Robo mbele, thumuni nyuma," akasema. "Hii ni hesabu yako, mwalimu. Nihesabie."

Nikahesabu kwa sauti, robo mbele, thumuni nyuma, robo mbele, thumuni nyuma, kama niko darasani, na dada akidakia kama mwanafunzi wa dawati la mbele. Mzunguko wa kwanza ukatimia. Wa pili. Ghafla mkono wake ukalegea, akapiga ukelele, akaitoa ile plagi nje kama mtu aliyeopoa samaki. Akainusa. Akapitisha dole gumba kwenye ncha yake.

"Imeliwa mpaka kwenye ufizi. Huyu ndiye aliyekuwa anawatikisa mlimani."

Katika furaha hiyo boksi la spana, kile kichwa chake cha duara, likamponyoka. Klin! Tak! Kimya. Nikarukia tochi, nikaingiza kichwa kwenye injini.

"Weka tochi," alisema. "Limegonga bati, likagonga plastiki, halikufika chini. Limekaa juu ya kinga ya tumbo la injini, upande wa dereva. Lala chini, pitisha mkono nyuma ya tairi."

Nililala chini na shati langu la Jumamosi. Nikapitisha mkono nyuma ya tairi, nikapapasa, na vidole vyangu vikatua moja kwa moja juu ya chuma. Nilipiga kelele kama timu yangu imefunga goli la ushindi. Dada akaruka akanikumbatia nikiwa bado natoka uvunguni, tukagongana vichwa.

Iliyobaki ilikuwa moja, ya pembeni kabisa, karibu na mikanda. Masikio aliingiza mkono, akautoa, akaugeuza, akauingiza tena. Kiganja kilikwama kwenye kifundo kila mara. Jaribio la nne alitoka na ngozi imechubuka. Alisimama juu ya kreti mikono inaning'inia, na nikaona ule uso wa barazani unataka kurudi.

"Mkono wangu mnene," alisema taratibu.

Kisha akanyoosha kiganja.

"Mama watoto, nipe mkono wako."

Akaupima kwa vidole viwili, kama bangili. "Huu unapita."

"Mimi? Baba watoto, mimi hata balbu ya jikoni naiitia watu!"

"Panda kreti."

Akapanda. Tochi mdomoni, shingo imepinda, anajaribu kuchungulia kule kusikochungulika. "Chiioni!" alisema na tochi yake.

"Nani kakutuma uione? Toa tochi. Fumba macho. Sasa shuka na ukuta taratibu. Unagusa nini?"

Dada akafumba macho. Nilikuwa nimesimama karibu, niliona uso wake ukitulia, kunyanzi moja baada ya nyingine.

"Kuna bomba, lina mbavumbavu."

"Lipite."

"Kuna kitu cha plastiki, kina ulimi."

"Huo ulimi ubonyeze, uvute."

Tak. Koili ikamtii. Akaitoa, macho bado yamefumba, akarudisha mkono. "Kuna shimo," alinong'ona. Halafu akapaza sauti mtaa mzima ukasikia: "Baba watoto, nimeligusa! Nimeligusa shimo lenyewe!"

Aliifungua ile plagi yeye mwenyewe, mumewe amemshika kiuno asianguke na kumwambia lini avute, lini apumzike. Kuingiza mpya ndiko kulikokuwa na hila yake. Masikio alikata kipande cha mpira wa kupitishia petroli, urefu wa shubiri, akakichomeka kwenye mkia wa plagi. "Unazungusha mpira huu kwa vidole viwili, si kwa spana. Plagi ikiingia upande, mpira utateleza wenyewe, hutaharibu nyuzi. Anza kuzungusha kinyume, mpaka uisikie imedondoka kwenye njia yake. Ndipo uende mbele."

Dada akazungusha kinyume, midomo ameibana.

"Imedondoka! Imedondoka, nimeisikia kwa kidole!"

"Kwa kidole ndiyo kusikia kwenyewe," alisema Masikio.

Tulirudisha kila kitu, koili, kifuniko, wipa, hasi yangu. Dada akakaa kwenye usukani, akavuta pumzi, akawasha. Injini ikashika, ikaunguruma, na ikaanza kutikisika vilevile. Dada aliinamisha kichwa juu ya usukani.

"Zima!" Masikio hakuwa na wasiwasi hata chembe. "Tano zinaimba, moja imenuna. Ni ile ya kati, nyuma. Kosa langu. Nilipochomeka kichwa cha waya wa koili, mwalimu alikuwa bado anajisifu kwa boksi lake, sikuusikia ukibana." Mkono ukazama begani. Tak. "Sasa huo umebana. Washa!"

Akawasha. Safari hii nilidhani haijawaka. Ilikuwa inatiririka tu, laini, hakuna kukohoa, hakuna homa. Masikio aliweka viganja vyote viwili juu ya injini, akainua uso juu, akapiga mbinja moja ndefu. Dada alitoka mlangoni bila kuuzima moto, akamrukia shingoni na mikono yake iliyojaa grisi, na ile grisi hawakuifuta.

"Kwenye matangi!" alisema Masikio. "Sasa hivi!"

Tukapanda, yeye mbele, mimi nyuma na sinia la plagi kuukuu mapajani. Chini ya mlima dada alisita kidogo. "Kanyaga," akaambiwa. Akakanyaga. Gari likapanda kama linavutwa kwa kamba, mwendo unaongezeka, madirisha yote wazi, na sisi watatu tunapiga kelele mpaka mlinzi wa matangi akatoka kwenye kibanda chake kutazama kuna nini. Kule juu Masikio akanyanyua kidole.

"Subirini. Beringi ya gurudumu la nyuma, kulia. Inaanza kulialia."

"Baba watoto!" Dada alipiga usukani kwa kiganja. "Tuache kwanza tufurahi!"

Masikio akashusha kidole. Kisha akasema kwa upole, "Si kwa leo. Lakini inalia."

Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa kituoni nasubiri usafiri wa kwenda shuleni kwangu, minivani ikanipita imejaa sare za shule na makelele. Kwenye kiti cha mbele alikaa Masikio, amevaa ovaroli yake ya gereji, kidogo imembana tumboni. Baadaye dada alinieleza kwamba mumewe alikuwa amesimama getini tangu alfajiri, hataki kusikia la mtu. Alitaka kuisikiliza ile beringi gari likiwa na mzigo, na aliwaambia watoto wote watano wafunge midomo mpaka kwenye kona ya pili. Walifunga. Kwenye kona ya tatu walikuwa wote wameshaisikia, na wanabishana kama ni ya kulia au ya kushoto.