Nilipomfungia Kamongo Nailoni Badala ya Waya

Jamani, mkasa huu sijawahi kuusimulia mpaka mwisho, kila nikianza nafika pale kwenye mtumbwi halafu nasingizia kwamba simu inaita, lakini leo mmenibana, basi sikilizeni, na anayetaka kucheka acheke sasa amalize, kwa sababu mimi mwenzenu siku ile sikucheka, siku ile niliogopa woga ambao mpaka leo nikikuta maji yametuama barabarani baada ya mvua nayazunguka.

Mimi Ochwo ni mtu wa Merikit, mashariki mwa Uganda, nimekulia kwenye mihogo na mtama, na kazi yangu ni kuuza vipuri vya malori pale Malaba mpakani. Kuvua nilijifunza ukubwani, kwenye mabwawa ya kule Mulanda, Jumapili baada ya ibada, tena nikiwa nimesimama nchi kavu, maana kuogelea sijui hata kidogo. Samaki ninayempenda ni kamongo, yule mrefu mnene kama nyoka aliyeshiba, anayepanda juu kuvuta pumzi kama binadamu, na mdomo wake si mdomo, ni koleo, akibana kitu haachii. Ndiyo maana mtu wa kamongo hafungi ndoana moja kwa moja kwenye kamba, lazima katikati aweke kipande ambacho samaki hawezi kukitafuna. Wengine wanaweka nailoni nene, wanasema ni laini na samaki hashtuki. Mimi nilikuwa mtu wa waya, ule wa breki ya baiskeli, nauchambua nyuzi nyembamba, nazisokota upya, na pale dukani nilikuwa nikiwahubiria madereva wa malori habari za waya mpaka wanakumbuka ghafla kwamba foleni imesogea.

Sasa mke wangu, Nafula, kwao ni upande wa Busia, huku kwetu Uganda, karibu na ziwa, na alikuwa amewasifia wazazi wake kwamba mume wake anajua kamongo. Tukaenda kuwatembelea, mara yangu ya kwanza kulala ukweni. Mama mkwe alikuwa amepona ugonjwa mrefu, na siku ya pili yake watu wa kanisa walikuwa wanakuja kula na kushukuru. Jioni baba mkwe, Mzee Barasa, mtu mkubwa wa mwili na wa maneno machache, akaniambia, "Mkwe, kesho asubuhi sisi nakwenda kutafuta kamongo ya wageni. Wewe ndiyo fundi." Ningeweza kusema siogelei. Nikasema, "Ndiyo baba."

(Ninyi wenye wakwe mnaelewa. Ukweni mtu hukubali kila kitu. Na mama mkwe ndiyo kabisa, kwa kina Nafula hata mkono humpi, akipita huku wewe unapita kule, mnasalimiana kwa mbali mmeinamisha macho.)

Asubuhi tukashuka mtoni, pale unapopanuka kuwa kinamasi, tukaingia mtumbwini watatu: Mzee mbele, shemeji yangu Wandera nyuma na kafi, mimi katikati nimeshika mbao za pande zote mbili kama mtu anayezuia nyumba isianguke. Wandera anafanya kazi Busia ya upande wa Kenya, akaniona nilivyokauka, akasema, "Shemeji, relax, hakuna noma." Maji yalikuwa meusi kama chai isiyo na maziwa, mafunjo yamesimama kulia na kushoto, marefu kuliko mtu, huoni kijiji, huoni chochote, unasikia tu sauti za wanawake kule mtoni wakiosha sufuria za karamu, na mara moja moja kitu kinapumua karibu nawe, puuh, halafu maji yanajifunga.

Nikafungua mfuko wangu. Waya ulikuwa umekaliwa njiani, umejipinda kama mkia wa nguruwe, na waya uliojipinda hivyo ukivutwa unakatika penye kovu, hiyo naijua. Nilihitaji koleo kuukata na kusokota mwingine. Koleo langu limebaki Malaba. Koleo la Mzee ninaliona, liko hapo karibu na mguu wake. Kilichohitajika ni kusema, "Baba, naomba koleo." Maneno matatu, jamani! Yalinishinda. Nilifikiri atasema fundi gani huyu amekuja bila vifaa. Basi nikautupa waya chini ya miguu, nikakata kipande cha nailoni nene niliyokuwa nayo ya akiba, nikafunga ndoana haraka haraka, nikachomeka kichwa cha samaki mdogo kama chambo.

Mzee bila kugeuka akauliza, "Umefunga waya?"

"Ndiyo baba."

Hapo ndipo nilipojiloga.

Kamongo hakuchelewa. Kamba iliondoka mkononi, mtumbwi ukageuza pua wenyewe, na mimi nikavuta huku moyo unagonga mpaka masikioni, kwa furaha nilifikiri, kumbe ni woga tayari. Akaja juu. Ndugu zangu, sijawahi kuona kamongo kama yule, kichwa kama cha mbwa, macho madogo yasiyotazama popote, anafungua mdomo na nailoni yangu iko ndani kabisa, kwenye lile koleo lake, na mimi naiona inageuka nyeupe, inachanika uzi kwa uzi. Nilipaswa kupiga kelele. Lakini nikisema itakatika, itajulikana si waya. Mzee, kwa kuwa aliamini kuna waya, hakuchukua rungu wala nini, akaishika kamba kwa mikono miwili akamwinua samaki mzima mzima akamleta ndani, na samaki alipofika juu ya magoti yangu nailoni ikasema tap.

Akaangukia mapajani kwangu. Akabana.

Alibana suruali, namshukuru Mungu, lakini aliibana mahali ambapo mwanamume hapendi kitu chochote kibane, na akaanza kujizungusha. Sikumbuki kufungua mkanda. Wandera anasema nilifungua mkanda, nikapiga kelele kwa Kidhopadhola, lugha ya kwetu, nikasimama, na mtu akisimama ghafla kwenye mtumbwi mwembamba hakuna haja ya kuwaeleza kilichofuata.

Giza. Maji puani, matope mdomoni, mizizi ya mafunjo imenishika shingo kama vidole. Nikajua nimekufa. Nikaibuka, nikazama, nikaibuka, nikashika mafunjo, nikafungua macho: Wandera namwona kwa mbali anakohoa, mtumbwi umelala kifudifudi, kofia ya Mzee inaelea peke yake, inazunguka taratibu. Mzee hayupo.

Nisiwafiche, woga wa kufa mimi mwenyewe ulikuwa mdogo. Huu ulikuwa mwingine. Nilimwona Nafula akiambiwa. Nilimwona yule mama aliyeponea chupuchupu akivalishwa ujane na mkwe wake siku ya kumshukuru Mungu. Koo likafunguka lenyewe nikalia kwa nguvu zangu zote: "Nimemuua baba! Jamani nimemuua baba!"

Na kule mtoni sufuria zikanyamaza. Halafu mwanamke mmoja akapiga yowe la msiba, mwingine akalipokea, likapanda kijijini, nikalisikia linavyokwenda nyumba kwa nyumba, na kila lilipokwenda mbali zaidi ndivyo lilivyokuwa kweli zaidi.

Ndipo sauti ikatoka chini ya mtumbwi, nzito, yenye mwangwi, kama ya mtu aliye kaburini. "Mkwe."

Nywele zilinisimama. Nikasema Baba Yetu uliye mbinguni.

"Mkwe! Acha kulia. Simama. Hapa hapana maji."

Wandera akaja akainua mtumbwi upande mmoja, na huko ndani Mzee Barasa amekaa kwenye matope, maji yamemfika kifuani, ameshika bega lake lililoumia, ananitazama. Kumbe tulipinduka pembeni mwa mafunjo, na muda wote huo mimi nilikuwa nazama nikiwa nimepiga magoti. Nikasimama, kama nilivyoambiwa. Maji yalinifika juu kidogo ya magoti.

Na hapo mafunjo yakafunguka na wanawake wakatokea wanakimbia, mikono kichwani, wanalia, na aliye mbele yao wote, gauni lake refu la gomesi amelikusanya mkononi apate kukimbia, ni mama mkwe.

Suruali ilikuwa imeondoka na kamongo. Chupi pia. Nilikuwa na shati, na shati lenyewe fupi.

Kilio kilikatika kama redio iliyoishiwa betri. Mama mkwe aliniona wazi, nami nikaona kwamba ameniona, halafu akajifunika uso kwa mikono yote miwili na kukaa chini pale pale kwenye matope. Nikarudi majini. Maji yale yale yaliyokuwa yananiua sasa niliyaomba yawe marefu.

Nafula alinitupia leso yake ya kujifunga kiunoni. Alisema, "Ochwo, baba nilijua amekufa. Haya mengine sijui nitayasemaje."

Basi msidhani yaliishia hapo. Yowe lilikwisha kufika mbali, boda boda walikuwa wamelibeba, na mpaka mchana watu walikuwa wanaingia uani kwa kilio, wanajitupa chini, halafu wanamwona marehemu amekaa kwenye kiti, mkono umefungwa kitambaa, anakunywa uji. Kila aliyefika aliuliza ilikuwaje, na Mzee alinyoosha kidole kwangu tu, nilipokaa na leso ya maua kiunoni. Mchungaji alikuwa amekuja na mahubiri ya shukrani, akabadilisha yawe ya mazishi, akabadilisha tena. Nami nilikuwa nangoja neno la wazee, maana nilijua aibu ya namna ile inaweza kuvunja nyumba. Walijitenga, wakaongea Kisamia, lugha yao nisiyoijua, kwa muda mrefu, na Nafula, anayekielewa, alikuwa amenishika kidole kimoja tu, anakiminya.

Wakasema nitaleta mbuzi kwa mama, yaishe. Nilileta wawili. Na Mzee, bega lilipopona, aliniuliza jambo moja tu: "Koleo si lilikuwa hapo mguuni?" Nikasema, "Ndiyo baba." Akatikisa kichwa, akaondoka.

Mama mkwe hakunisemesha mwaka mzima. Halafu juzi juzi, niko dukani, namba yake ikaingia. Nikasimama wima kaunta yote ikinitazama, nikapokea kwa heshima zote. Kisha sauti yake, polepole:

"Mkwe, umevaa?"

Nikasema, "Nimevaa, mama."

Alicheka mpaka akaanza kukohoa, nami nikaanza kucheka, na machozi yakanitoka mbele ya wateja. Akaniambia Krismasi tuje wote. Nikamwambia tutakuja, mama, tena na samaki tutaleta, lakini mimi nitamnunua sokoni, aliyekwisha kukaushwa, na mtumbwi nitauangalia nikiwa barabarani.